Buti Nyeupe Nyuma ya Tangi

Jumamosi, 1 Machi

Nimerudi kutoka kwa Kaka nimeshiba hadi kupumua ni kazi. Alhamisi ndiyo kozi! Trafiki wote wa vizuizini, na mwalimu ni mimi. Si mkuu wa kituo — mimi! Mkuu amesema zimamoto hatuwezi kukaa kila barabara, kwa hiyo trafiki nao wajifunze kulitazama lori na kujua limebeba nini. Lenye tindikali au sumu haliruhusiwi kukatiza mjini. Lizunguke kwa barabara ya nje, na gari la kulisindikiza mbele. Sheria hiyo ipo miaka yote. Macho ya kuisimamia ndiyo hayakuwepo.

Basi nikafanya mazoezi mezani kwa Kaka kabla sahani hazijaondolewa. Wifi alicheka mpaka akajifuta machozi. Nilimpangia vyombo vyake vyote: dumu la mafuta ya taa, chupa ya dawa ya choo, mtungi wa gesi. Umbo kwanza, rangi baadaye, maandishi mwisho! Karatasi hubanduka, rangi hupakwa, umbo halibadiliki. Pipa lenye vitundu viwili vidogo juu, humo mna kitu cha majimaji. Pipa ambalo mfuniko wake hufunguka wote na kufungwa kwa pingu ya chuma, humo mna kitu kigumu. La plastiki? Shuku kitu kinachokula chuma.

Kaka hakucheka. Alisikiliza kama mtoto wa shule. Na tangi la tindikali je, linajulikanaje? Jembamba, nikamwambia, kwa sababu tindikali ni nzito, ukiijaza kwenye tangi nene lori litavunjika mgongo. Tena lina mbavu za chuma nje, linafanana na ng'ombe mwenye njaa. Na la maziwa? Hilo ni ng'ombe aliyeshiba! Nene, laini, limevishwa koti la bati ili maziwa yasipate joto. Nyuma lina kabati.

Nikamtobolea na ile alama yangu, isiyokuwemo kwenye mwongozo wowote. Buti nyeupe. Dereva wa maziwa haingii kiwandani kuosha tangi bila buti nyeupe za mpira. Akitoka huzitundika nyuma kwenye kabati zikauke. Sijawahi kuona lori la maziwa lisilo na buti. Lakini hii siisemi Alhamisi, nikamwambia, si ya kitabuni, watanicheka.

"Weee!" Kaka akapiga meza. "Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Ya kitabuni kila mtu anayo. Hiyo usiiache, mdogo wangu."

Ndivyo alivyo. Baba alipofariki aliacha shule akashika tochi ya kuchomelea ili mimi nisiache. Hajawahi kunisimanga hata siku moja. Akiona nimefanikiwa, uso wake ndio unaong'aa kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Imekwenda vizuri! Vizuri sana!

Kibiriti alikuwa msaidizi wangu. Mwembamba, mfupi, huwaka haraka na kuzimika haraka, ndiyo maana kituo kizima tukambatiza hivyo, na yeye zimamoto! Alibeba mapipa matupu akiyazungusha kwa mguu kama mchezaji mpira. Trafiki wakanipa jina papo hapo: Mama Pipa. Nikawaambia hilo jina nalipokea kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya kiuno.

Niliwafundisha kanuni ya dole gumba. Simama mbali, nyoosha mkono, simamisha dole gumba. Likifunika ajali yote, uko salama. Lisipofunika, rudi nyuma. Trafiki mmoja mnene akasema dole gumba lake litafunika mji mzima. Wakacheka, lakini wote walinyoosha mikono.

Mwishoni nikatoa ile ya buti. Halafu makofi! Mmoja amesimama kizuizini miaka mingi, anasema ameziona buti hizo kila siku na hakuwahi kujiuliza. Nimerudi nyumbani natembea kama nina mabawa.

Jumapili, 9 Machi

Kaka amepita na zawadi. Buti nyeupe! Mpya, karatasi ya dukani bado imesongwa kwenye vidole. "Za mwalimu," akasema. "Za kufulia na kuoshea ua." Ametaka nivae hapohapo. Nimevaa, nimetembea jikoni kama askari wa gwaride, tumecheka wote wawili.

Halafu nikaona ndani ya kisigino. Doa la rangi ya kijani! Gerejini kwake kila kitu kina doa hilo: nyundo, koleo, ngazi, hata kikombe cha chai. Huchovya kidole kwenye kopo la rangi na kubandika, ili mafundi wa jirani wasimwibie. Nikamwambia, jamani Kaka, hata zawadi umeitia alama? Akajitazama kidole, akashangaa mwenyewe. "Mkono umezoea," akasema.

Nimeziweka nyuma ya mlango wa jikoni, kando ya pipa la unga.

Jumatano, 19 Machi

Nilipita gerejini kwa Kaka mchana. Geti limefungwa kwa ndani. Nilisikia bati likigongwa, kazi kubwa. Alitoka mwenyewe, akarudisha geti nyuma yake, akaninunulia soda tukanywa tumesimama nje. Ana kazi ya tajiri mmoja mwenye malori, ambaye hataki kazi yake ionekane kabla haijaisha. Nikamtania kwamba anajenga ndege. Alicheka kidogo tu.

Amechoka. Amekonda. Nitamwambia wifi.

Ijumaa, 4 Aprili

Kibiriti ameungua. Ni mimi niliyemwambia aende.

Siwezi.

Jumamosi, 5 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa. Labda kichwa kitatulia.

Simu iliingia asubuhi. Lori limelala ubavu kwenye kona ya mteremko, karibu na maduka. Tulisimama mbali, kama ninavyofundisha. Nikanyoosha mkono, dole gumba likalifunika lote. Nikachukua darubini. Nene. Laini. Linang'aa. Ubavuni kachorwa ng'ombe, anatabasamu. Mvuke mwembamba ulikuwa ukipanda mtaroni upande wa injini — nikasema rejeta imepasuka. Na watu! Wanashuka mteremko na ndoo, na masufuria, mama mmoja na beseni kichwani. Maziwa ya bure, nani abaki ndani?

Kibiriti akasema kuna mtu kwenye kebini, ameuona mkono. Huku mwenyewe anatingisha mguu, anataka kwenda. Nikamwambia subiri. Nikarudisha darubini machoni, nikatafuta ninachokitafuta siku zote. Nikakiona. Buti nyeupe, zimetundikwa nyuma kwenye kabati, zinabembea.

Nikasema: "Ni maziwa. Nenda."

Alikimbia. Akaruka ndani ya mtaro ili aufikie mlango wa kebini. Mtaroni mlikuwa na maji ya mvua, na kilichomwagika juu yake. Kikapita urefu wa buti zake, kikaingia ndani. Sijawahi kusikia mtu mzima akipiga kelele ile. Aliyesema ni mama wa beseni, si mimi: maziwa gani hayo yanachemka bila moto?

Niliwafukuza watu kwa filimbi na kwa matusi, Mungu anisamehe. Tulimvuta kwa kamba. Tukammwagia maji, maji, maji, tangi zima la gari letu. Alipoishiwa sauti alikuwa bado anafungua mdomo. Na kebini hamkuwa na mtu! Dereva alishatoroka. Mkono ule ulikuwa wa koti lililotundikwa.

Baadaye tulipovaa mavazi ya kemikali nililiona tangi kwa karibu. Bati limechanika. Chini ya bati, mbao. Chini ya mbao — mbavu. Tangi jembamba la tindikali, mtu kalinenepesha kwa makusudi.

Trafiki wa kizuizini amekiri kwamba alitaka kulisimamisha. Springi zilikuwa zimelala mno, maziwa hayana uzito ule. Halafu akaziona buti. Akakumbuka somo langu. Akalipungia mkono lipite.

Jumatatu, 7 Aprili

Hospitali. Kibiriti amefungwa bandeji miguu yote miwili hadi magotini. Wa kulia utapona. Wa kushoto daktari hataki kusema neno, anatazama karatasi zake. Kibiriti amenitazama akasema, "Mwalimu, mtihani nimefeli." Nilitoka nikalia kwenye korido. Mkewe alinifuata akaniletea maji. Mkewe! Kuniletea maji mimi!

Kisha nikaenda uani kwa polisi, mabaki ya lori yako huko. Nilitaka kuziona buti. Sikujua kwa nini. Zimewekwa kwenye mfuko wa plastiki, askari akaniruhusu niziguse kwa glavu.

Nyayo safi. Hazijawahi kukanyaga chochote. Karatasi ya dukani bado imesongwa kwenye vidole.

Na ndani ya kisigino, doa la kijani.

Nilizirudisha mfukoni. Askari akauliza nimeona nini. Nikasema, buti tu. Nimefika nyumbani nikachukua zangu nyuma ya mlango, nikazigeuza, nikachungulia. Kijani kilekile. Upana uleule wa kidole.

Labda ziliibwa gerejini kwake. Labda aliziuza. Labda. Labda!

Jumanne, 8 Aprili

Si labda.

Nilifika gerejini mchana. Geti wazi safari hii. Harufu ya rangi mbichi ilinipokea mlangoni. Nyundo — doa jekundu. Koleo — jekundu. Ngazi, kiti, kikombe cha chai, vyote vyekundu. Nikasimama katikati kama mgeni.

"Kaka, kijani kimekwenda wapi?"

"Kimeisha dukani."

Hakunitazama. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, anafuta, anafuta, mikono safi. Nikamwambia Kibiriti anaweza kukatwa mguu. Akauliza kama ana watoto. Nikamwambia wawili. Akakaa chini.

Akasema yeye alichomea bati tu. Kilichobebwa ndani hakuuliza. Tajiri alitaka lori lipite mjini, barabara ya nje ni ndefu na ya kusindikizwa. Fundi ni fundi, mteja akitaka tangi linenepe unalinenepesha.

"Na buti?" nikamuuliza. "Buti nazo ni kazi ya tochi?"

Akakunja kile kitambaa. Halafu kwa sauti ya chini: "Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

"Na ukaniambia nisiiache. Uliniambia niwafundishe trafiki!"

"Ilikuwa nzuri," akasema.

Ilikuwa nzuri! Bado ananisifu! Heri angenipiga kofi. Kofi ningelielewa. Mezani pale, wakati wifi anacheka na mimi najipanga kama jogoo, yeye alikuwa anachukua vipimo. Alinisikiliza kuliko mtu yeyote alivyowahi kunisikiliza, na nikadhani huo ni upendo.

Akasema hakudhani litaanguka. Lisingeanguka, nani angeumia? Akasema alijua mimi sisogei karibu, mimi ni wa dole gumba. Kwa hiyo hesabu aliipiga. Mimi niwe salama — na yule atakayetumwa na mimi?

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimewaambia watu wengine mara ngapi, kwa mdomo mwepesi! Leo imeniingia kama mwiba. Nilitoka bila kuaga. Aliniita hadi getini, kwa lile jina langu la utotoni, ambalo sasa silitaki kwenye kinywa chake.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimesimamishwa kazi.

Mkuu wa kituo aliniita ofisini, akaongea na kalamu yake. Imeundwa kamati, itakaa Jumatano ijayo. Trafiki wote wamesema neno moja: habari ya buti tulifundishwa na Mama Pipa. Kwa hiyo swali la kamati ni rahisi. Waliolivisha lori buti walijulia wapi? Mwalimu ni mmoja. Mkuu akasema yeye binafsi haamini kwamba nimeuza somo. Alisema "binafsi". Neno hilo lina mlango wa nyuma.

Nikatoka na mkoba wangu. Wenzangu walikuwa wanaosha gari. Mmoja alinyoosha mkono, akasimamisha dole gumba, akalifumba jicho moja, kunipima. Wawili wakacheka. Mimi! Niliyewafundisha kulisimamisha!

Hivyo ndivyo ilivyo. Kaka kanitia kwenye kinu, na mchi wanaushika wenzangu. Nikisema "doa la kijani ni alama ya gereji ya kaka yangu," watakwenda, watakuta gereji yote nyekundu. Wataona mtu anayejitetea kwa kumtupia nduguye. Kitu cha kijani kilichobaki duniani ni zile buti nyuma ya mlango wangu. Nikizipeleka, wataweka jozi mbili mezani, hata mtoto ataona.

Nikizipeleka, nimempeleka.

Jumapili, 13 Aprili

Mama amekuja. Na begi! Anaishi kwa Kaka, hajalala kwangu tangu arusi ya binamu. Ameingia akinikumbatia, akasema amesikia niko kwenye shida, mtoto haachwi peke yake. Nililia begani kwake mpaka nikailowesha kanga yake. Nilikuwa sijui kiasi gani nilihitaji mtu.

Amefagia, amepika, amekung'uta hata mapazia. Jioni alikaa juu ya pipa la unga kama anavyopenda akija, akimenya vitunguu. Hilo pipa la buluu ni la kiwanda cha peremende, nililinusa na kulihakiki wiki nzima kabla halijaingia jikoni. Mama hunicheka kwa hilo kila mara. Leo pia alinicheka. Nilijisikia vizuri.

Jina la Kaka hakulitaja. Na mimi sikulitaja.

Jumatatu, 14 Aprili

Amelitaja.

Tulikuwa tunaanika nguo. Akasema Kaka hali, hasemi, anakaa gerejini bila kuwasha tochi. Kwa hiyo anajua. Kwa hiyo alikuja anajua! Nikamuuliza, Mama, alikutuma? Akasema mtu hatumwi kwa mwanawe.

Halafu: "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe."

Nikamjibu, na Kibiriti je? Yeye amezaliwa na nani? Mama akachukua pini ya nguo mdomoni, akabana shuka. Akasema tu kwamba mimi nina cheti, nikifukuzwa hapa nitapata kazi pengine. Kaka akifungwa, gereji imekufa, na wifi, na watoto. Amepima. Kila mtu katika familia hii anajua kupima, na kila wakipima, mimi ndiye mwepesi.

Nilimpenda Mama leo na nilimchukia. Nimeandika. Basi.

Jumanne, 15 Aprili

Wameukata mguu wa kushoto. Asubuhi, chini ya goti.

Nilikaa na mkewe mpaka walipomtoa chumba cha upasuaji. Hajanilaumu. Anaamini kwamba nilidanganywa kama wao. Ameniuliza kama kesho kwenye kamati nitasema kila kitu. Alinishika mikono yote miwili, na nikasema ndiyo. Nimesema ndiyo kwa mwanamke yule, mbele ya mlango ule.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Mama waziwazi. Kesho nazibeba buti. Sitasema neno baya juu ya Kaka, nitaweka buti mezani na kujibu nitakachoulizwa. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliuliza tu, "Wakizikosa hizo, wana kingine?" Nikamwambia hawana. Akasema haya, mwanangu, kula kwanza. Akanipakulia.

Nilikula. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nimekula nikamaliza sahani.

Jumatano, 16 Aprili

Asubuhi. Nimeshavaa sare, mkuu ameruhusu niivae leo tu. Gari la kituo linakuja kunichukua.

Buti hazipo nyuma ya mlango.

Nimetafuta uani. Kwenye kamba. Chini ya kitanda. Kwenye begi la Mama — ndiyo, nimelifungua begi la mama yangu, nimefika huko! Hazimo. Nikamuuliza. Akasema buti gani? Buti gani! Jana jioni amezisogeza mwenyewe akipiga deki!

Nimekaa kwenye meza ya jikoni. Naandika hapa, maana nikisimama nitapiga kelele. Mama amekaa mbele yangu juu ya pipa, kisu mkononi, hakuna kitunguu. Ameuliza naandika nini. Nikasema, maneno yangu.

Unga uko mezani. Sasa ndiyo nauona. Uko kwenye beseni kubwa, umefunikwa kwa kitambaa, na mwingine kwenye sufuria, na mwingine kwenye bakuli la saladi. Unga wote. Nikamuuliza kwa nini ameutoa. Akasema ulikuwa unaingia wadudu.

Wadudu! Kwenye pipa langu!

Mfuniko unaofunguka wote. Pingu ya chuma, imebanwa hadi mwisho, na mimi huiacha legelege kwa sababu ya vidole vya Mama vilivyokosa nguvu. Kitu kigumu. Sina haja ya kusoma karatasi.

Honi nje.

Nimemwambia, Mama, inuka. Amesema miguu inamuuma. Nimemwambia tena, taratibu, kwa adabu, Mama, tafadhali inuka hapo. Ananitazama. Ana macho ya Kaka, au Kaka ana yake, sikuwahi kuona vizuri kama leo. Ameshika kingo za pipa kwa mikono miwili, kama mtu aliye juu ya punda.

Nikitaka kulifungua lazima nimvute mama yangu, nimwangushe sakafuni. Na anajua kwamba najua. Na ameketi.

Honi tena. Dereva anaita jina langu la kazini.

"Nenda, mwanangu," anasema. "Utachelewa."

Naweka kalamu chini. Nakwenda upande wake wa meza, nimwinue.